Kisa cha xz: tiki ya kijani ilikuwa inapima nini?

Sekunde 0.299. Kisha sekunde 0.807. Nusu sekunde iliyoongezeka hapo katikati ndiyo iliyomfanya Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aache alichokuwa akikifanya aanze kuchimba. Alikuwa anapima kasi ya PostgreSQL kwenye mashine yenye Debian sid, toleo la mfumo wa Linux uitwao Debian ambalo bado linaendelezwa, na kipimo cha namna hiyo kinataka mashine itulie tuli. Haikutulia. Michakato ya sshd, programu inayopokea wanaoingia kwenye mashine kutoka mbali, ilikuwa inakula CPU kuliko kawaida, na ilikula hivyo katika kuwakataa watu tu, wale wanaobisha hodi kwa majina yasiyokuwepo. Akapima muda wa kumkataa mtumiaji wa uongo kabla na baada ya maktaba moja ndogo kusasishwa. Hizo nambari mbili ndizo majibu.

Tarehe 29 Machi 2024 akatangaza hadharani kwamba liblzma, maktaba ya kubana data inayotoka kwenye mradi wa xz, ina mlango wa nyuma, njia ya siri ya kumwingiza asiyeruhusiwa, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kasoro ikapewa namba CVE-2024-3094 na alama ya ukali 10 kati ya 10.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ujasusi: akaunti iliyojiita Jia Tan ilianza kutuma marekebisho madogo madogo mwishoni mwa 2021, ikajijengea heshima, ikakabidhiwa funguo, kisha ikageuka. Ni kweli, na ni hadithi nzuri. Mimi nataka kukitazama nikiwa upande mwingine, upande wa mtu anayeshinda akiangalia majaribio ya CI, mfumo unaojenga na kujaribu msimbo wenyewe na kuwasha tiki ya kijani yakifaulu, yakipita na kuanguka. Maana xz haukuwa mradi wa kizembe. Ulikuwa na majaribio yake, ulikuwa na CI inayojenga kila badiliko linapoingia, na ulikuwa umeandikishwa kwenye OSS-Fuzz, huduma ya kujaribu programu nitakayoirudia mbele. Hata hivyo, toleo la 5.6.0 lilitoka tarehe 24 Februari na likakaa karibu wiki tano bila jaribio lolote la mradi kulikamata. Basi yale majaribio yalikuwa yanapima nini?

Kilichojaribiwa na kilichopakuliwa

Miradi mingi ya zamani ya lugha ya C ina njia mbili za kumfikia mtumiaji. Ya kwanza ni hifadhi ya Git, panapotunzwa msimbo na historia yake, ambayo kila mtu anaiona na ndiyo CI inayoijenga. Ya pili ni furushi la tar, faili moja yenye msimbo wote, ambalo msimamizi hulitengeneza siku ya kutoa toleo, akalitia saini na kulipandisha. Wanaotengeneza vifurushi vya Debian, Fedora na wengineo walizoea kuchukua furushi.

Mtu asiyezijua Autotools, zana za zamani za kuandaa ujenzi wa programu, angedhani vitu hivi viwili ni kitu kimoja. Si kimoja, na kwa desturi havitakiwi kuwa kimoja. Ndani ya furushi mna skripti ya configure iliyozalishwa na mashine, maelfu ya mistari isiyosomwa na yeyote, pamoja na faili za m4, vipande vinavyotumika kuizalisha configure, zilizonakiliwa kutoka kwingine. Ukilinganisha furushi na Git utaona tofauti tele, na tofauti hizo zote ni halali. Ni msitu mzuri wa kujifichia.

Humo ndimo ilimowekwa build-to-host.m4 iliyochezewa. Kwenye Git haikuwepo. Ungeweza kuisoma hifadhi ya xz mstari kwa mstari mpaka macho yaume usiikute. CI nayo isingeikuta, kwa sababu CI ilipewa Git. Iliulizwa kama msimbo ulio kwenye tawi hili unajengeka na kupita majaribio, ikajibu ndiyo, na lilikuwa jibu sahihi. Tatizo ni kwamba kile ilichokijaribu sicho kilichofika kwa watu.

Hapa ndipo ninapoona wenzangu wengi wanateleza wanaposema CI "ilishindwa". Haikushindwa mtihani. Haikuitwa kwenye chumba cha mtihani.

Faili za majaribio

Maktaba ya kubana data lazima ijaribiwe kwa faili zilizoharibika. Unataka kujua itafanya nini ikipewa takataka, kwa hiyo unahifadhi takataka kwa makusudi, faili za baiti ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzisoma. Ndani ya tests/files ya xz zilikuwa nyingi. Tarehe 23 Februari, siku moja kabla ya toleo, zikaongezwa nyingine, zikiwemo bad-3-corrupt_lzma2.xz na good-large_compressed.lzma. Nani angeshtuka? Faili yenye jina la "mbovu" ikionekana mbovu, hilo ndilo jina lake.

Ile m4 iliyochezewa iliitafuta faili ya kwanza, ikabadilishana herufi chache kwa amri ya tr: nafasi ya kawaida ikawa ya kitufe cha Tab na ya Tab ikawa ya kawaida, kistari kikawa mstari wa chini na mstari wa chini ukawa kistari. Basi. Kwa mabadilishano hayo tu, faili iliyooza ikageuka kuwa faili nzima ya xz, ikafunguka, na ndani yake ikatoka skripti. Skripti hiyo ikaenda kwenye faili ya pili, ikaifungua, ikaruka baiti 1024 za uchafu, ikachukua 2048, ikaruka tena 1024, ikachukua tena, hivyo hivyo, hadi mwishoni ikapatikana faili ya msimbo uliokwisha kukompailiwa, tayari kuchomekwa ndani ya liblzma wakati wa ujenzi.

Katika tangazo lake Freund aliongeza jambo ambalo naona halikupewa uzito wake: kwamba katika 5.6.0 faili hizo hazikutumiwa hata na jaribio moja. Faili za majaribio zisizo na jaribio! Kikulacho ki nguoni mwako, na vazi lenyewe lilikuwa folda tunayoiamini kuliko zote, folda ambayo wakaguzi wa msimbo huipita mbio kwa sababu "ni majaribio tu".

Swichi

Tuseme sasa CI ingejenga kutoka kwenye furushi badala ya Git. Ingekamata? Isingekamata, na hili ndilo linaloonyesha kuwa aliyeandika mtego huu alijua vizuri jinsi sisi tunavyojaribu vitu.

Skripti ile ilikuwa na masharti. Iendelee tu ikiwa mashine ni Linux ya x86-64. Iendelee tu ikiwa kompaila ni gcc na kiunganishi ni kile cha GNU. Na iendelee tu ikiwa kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM (aina inayotumiwa na Fedora), jambo lililotambuliwa kwa kuangalia kama ipo faili ya debian/rules, au kama mazingira yametaja RPM_ARCH. Ukipakua furushi na kuandika configure na make kwa mkono, kama CI ya kawaida inavyofanya, unapata maktaba safi kabisa.

Hata ikishajengwa, bado haikufanya kazi hovyo. Ilitaka programu inayoendeshwa iitwe /usr/sbin/sshd. Katika vigeu vya mazingira, ilitaka LANG, kinachotaja lugha, kiwe kimewekwa, na TERM, kinachotaja aina ya dirisha la amri, kiwe hakijawekwa. Fikiria hilo la TERM. Msanidi anayechunguza tatizo hufungua dirisha la amri na kuiendesha seva kwa mkono, na dirisha lolote la amri huweka TERM. Kwa hiyo kila ukiketi kumtazama, hayupo. Freund alilazimika kuyafuta mazingira yote kwa env -i na kurudisha LANG peke yake ndipo ule uzito ukaonekana.

Halafu kuna sshd yenyewe. OpenSSH haitumii liblzma. Baadhi ya wasambazaji wa Linux waliiongezea kiraka ili iweze kuiarifu systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux, kwamba imeshawaka; kiraka kikaleta libsystemd, na libsystemd ikaleta liblzma. Mradi wa xz haujaribu sshd, kwa nini ujaribu? OpenSSH haijaribu liblzma, haina habari nayo. Mchanganyiko wa vyote vitatu ulikuwepo kwenye mashine za watumiaji peke yake, na majaribio yake hayakuwa ya mtu yeyote.

Kengele zilizonyamazishwa

Hadi hapa ungeweza kusema kwamba CI haikuwa na nafasi. Ilikuwa nayo, tena zaidi ya moja.

OSS-Fuzz ni huduma ya Google iliyoanza 2016. Huichukua programu ya chanzo huria na kuirushia data ya ovyo mfululizo, mchana na usiku, ikisubiri ianguke. Julai 2023, miezi saba hivi kabla ya mlango kuwekwa, Jia Tan aliomba kipengele kiitwacho ifunc kizimwe wakati xz inapojengwa kwa ajili ya OSS-Fuzz. Ifunc ni utaratibu wa kuchagua, programu inapopakiwa, ni toleo gani la kitendakazi linaifaa CPU iliyopo. Ombi likakubaliwa. Baadaye ikajulikana kwamba mlango wa nyuma ulijishika hapo hapo kwenye ifunc.

Sitaki kutia chumvi. Sidhani OSS-Fuzz ingeukamata, kwa sababu haikuwa inajenga kifurushi cha Debian. Kinachonitisha ni sababu iliyotolewa: kwamba ifunc haipatani na zana za kukagua kumbukumbu. Hiyo si hadithi ya kubuni, ifunc huwa inagombana na zana hizo kweli. Ombi lilikuwa na adabu na lilikuwa na sababu ya kiufundi, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa msimamizi halali. Sioni ni kwa msingi gani mtu angelikataa.

Kengele ya pili ni Valgrind, na hapa tukae kidogo. Valgrind huangalia jinsi programu inavyotumia kumbukumbu na kupiga kelele ikisoma au kuandika pasipo mahali pake. Msimbo uliochomekwa ulikuwa umekadiria mpangilio fulani wa stack, sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na vitendakazi vinapoendeshwa, na kwenye mipangilio mingine makadirio hayakulingana. Valgrind ikaanza kulalamika. Hiyo haikuwa bahati. Hicho ni chombo kikifanya kazi yake barabara: kuna msimbo unaofanya usichotarajia, nacho kinasema hivyo.

Tarehe 9 Machi likatoka 5.6.1. Zile faili za majaribio zikabadilishwa, na maelezo ya badiliko yakasema kwamba za mwanzo zilitokana na data ya bahati nasibu kutoka kwenye mashine ya mwandishi, kwa hiyo zimetengenezwa upya kwa mbegu isiyobadilika ili yeyote aweze kuzizalisha tena baadaye. Soma sentensi hiyo mara mbili. Ndiyo hoja tunayoipigania kila siku kwenye majaribio, kwamba yaweze kurudiwa. Lingekuja kwangu badiliko lenye maelezo hayo, ningelipitisha na kushukuru juu.

Ila kelele ile ilikuwa imeshasikika kwingine. Freund alieleza baadaye kwamba, alipokuwa anaishangaa sshd, alikumbuka kuona lalamiko la ajabu la Valgrind kwenye majaribio ya kujiendesha ya PostgreSQL, wiki chache kabla, baada ya vifurushi kusasishwa. Watu husema xz iliokolewa na nusu sekunde. Mimi naona iliokolewa na nusu sekunde pamoja na tukio moja la majaribio ambalo mtu hakulifuta kichwani. Na lilitoka kwenye CI ya mradi mwingine kabisa, unaotumia maktaba zilezile katika mazingira ya kweli.

Kwenye miradi ambayo majaribio huanguka kila siku ya tatu bila sababu, kumbukumbu kama ile haiwezi kukaa. Unaona nyekundu, unabonyeza kitufe cha kurudia, inakuwa kijani, unaendelea. Nimefanya hivyo mara zisizohesabika. Kila nikibonyeza najifundisha kutosikia.

Nukta moja

Kipande ninachokipenda kuliko vyote, ikiwa mtu anaweza kupenda kitu kama hiki, ni cha tarehe 26 Februari kwenye CMakeLists.txt, faili ya maelekezo ya CMake, zana nyingine ya ujenzi. Landlock ni kipengele cha Linux kinachoiwezesha programu kujifungia ndani ili isiguse faili zisizoihusu. Ili kujua kama mashine inayo, CMake hukompaili programu ndogo ya C. Ikikompailika, Landlock ipo na itatumika. Isipokompailika, haipo, na ujenzi unaendelea bila hiyo. Ndani ya programu hiyo ndogo mlikuwa na mistari hii:

#include <sys/prctl.h>
.
void my_sandbox(void)

Umeiona? Nukta, peke yake, mwanzo wa mstari. C haikubali nukta hapo. Kwa hiyo programu haikompailiki kamwe, kwenye mashine yoyote, na kila mara jibu ni "Landlock haipo". Hakuna kosa linaloonekana, kwa kuwa kutokompailika ni jibu halali la swali lenyewe. CI itajenga, itapita, itawasha tiki yake, na programu itakuwa imetoka bila kinga. Athari yake ilikuwa na mipaka, kwa sababu wasambazaji wengi walijenga xz kwa Autotools na si CMake, lakini kama somo la majaribio sijaona lililo bora zaidi.

Nenda kaangalie mradi wako mwenyewe. Ukaguzi wa aina hii upo kila mahali: kama maktaba fulani ipo, iwashe, kama haipo, endelea. Sasa, kwenye mashine ya CI unajua kilichomo, umeisanidi wewe. Kama unajua Landlock ipo, kwa nini usiiambie CI ianguke pale usanidi unaposema haipo? Ni mstari mmoja wa grep, amri ya kutafuta maneno, kwenye matokeo ya usanidi. Mimi nilikuwa sina. Baada ya kisa hiki nimeuweka kwa kila kipengele cha hiari ninachokitegemea, na tangu hapo nimewahi kukuta kimoja kilichokuwa kimezimika siku nyingi, bila mwizi yeyote, kwa sababu tu jina la kifurushi lilibadilika mfumo uliposasishwa.

Yepi yangefaa

Mengi yaliyopendekezwa baada ya Machi 2024 ni mazuri, lakini si yote yanamhusu mtu wa CI. Yanayomhusu naona yako hivi. Furushi la toleo litengenezwe na CI kutoka kwenye lebo ya Git, lisitoke kwenye kompyuta ya mtu, na yeyote aweze kulitengeneza upya na kupata baiti zilezile. Pale ambapo furushi lina faili zisizokuwemo kwenye Git, orodha yake iandikwe, na CI ianguke orodha ikibadilika. Orodha fupi inasomeka, maelfu ya mistari ya configure hayasomeki. Kila faili ya baiti kwenye folda ya majaribio iwe na skripti iliyoizalisha na jaribio linaloitumia, ikikosa kimojawapo itolewe. Hii ya mwisho ina gharama. Baadhi ya faili mbovu zilitoka kwa watumiaji walioripoti hitilafu, hazina skripti, na kuzitupa ni kutupa majaribio mazuri. Hizo nitaziacha, lakini angalau zitajwe zilitoka kwenye ripoti ipi.

Na badiliko lolote linalozima ukaguzi, kulegeza onyo au kugusa faili za CI zenyewe lipite mikononi mwa mtu wa pili. Hapa ndipo mpango unapokwama, nami nakiri. Skripti iliyokuwa inaendesha ujenzi kwenye CI ya xz ina jina la Jia Tan kama mwandishi wake. Mtu wa pili alikuwa ni yeye. Lasse Collin, aliyeuanzisha mradi na kuubeba kwa miaka mingi karibu peke yake, alikuwa amewakumbusha watu tangu 2022 kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo, wakati akaunti nyingine zikimsukuma aongeze msimamizi. Huwezi kuweka kanuni ya macho mawili kwenye mradi wenye jicho moja na nusu.

Ndiyo maana nimekuwa nikiiangalia zaidi CI ya wale walio chini ya mkondo, wanaozitumia hizi maktaba. PostgreSQL haikuwa na wajibu wowote wa kuijaribu xz. Ilijaribu msimbo wake kwenye mifumo inayosasishwa kila siku, ikiwa na Valgrind, na hilo likatosha kutoa dokezo. Wengi wetu hufunga matoleo ya kila kitu kwenye CI ili mambo yatulie, na tuko sahihi kwa majaribio ya kila badiliko. Lakini kazi moja ya usiku inayojenga juu ya vifurushi vipya kabisa, ambayo hakuna anayezuiwa nayo ikianguka, haina gharama kubwa. Inahitaji tu mtu anayeisoma asubuhi.

Mlango haukuwahi kufika kwenye matoleo thabiti ya Debian wala Fedora. Ulikuwa umeingia kwenye matoleo ya majaribio au yanayosasishwa mfululizo: Debian sid na testing, Fedora Rawhide na beta ya Fedora 40, na openSUSE Tumbleweed. Toleo la 5.6.2, lisilo na mlango, lilitoka tarehe 29 Mei 2024. Kabla yake, mara tu baada ya tangazo la Freund, Collin alikuwa ameshaanza kupekua hifadhi, na mojawapo ya marekebisho ya kwanza aliyoingiza lilikuwa la ile CMakeLists.txt. Badiliko lenyewe lilikuwa la kufuta nukta.